Mwalimu Mwanvua na Kifo cha Nikodemo Kufuli

Mwanvua binti Hamidu alizaliwa Ujiji, mtoto wa tano wa fundi mwashi, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufikiri kwamba angezeekea Tarime. Alisomea ualimu, akafaulu vizuri, na siku majina ya vituo vya kazi yalipobandikwa ukutani, wenzake walimwangalia kwa huruma: Wilaya ya Serengeti, Kata ya Kenyamonta. Mama yake aliuliza kama huko kuna watu au ni simba watupu. Mwanvua akafunga sanduku, akapanda treni mpaka Mwanza, akapanda meli mpaka Musoma, na kutoka hapo akapanda malori ambayo mpaka leo hapendi kuyasimulia.

Huo ulikuwa mwaka 1984. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi watu wanyamaze ndipo waisikie. Alipewa darasa la watu wazima katika ghala la pamba la ushirika. Wanafunzi wake walikuwa wakulima na wafugaji waliomzidi umri, na walimwamkia shikamoo kwa sababu ya ualimu wake, jambo ambalo mwanzoni lilimtia aibu hata akawa anaitikia huku anatazama chini. Alijifunza Kikurya kwa kukosea mbele yao. Walipomcheka, naye alicheka, na aliyechekwa jana alipata nafasi ya kuwacheka wengine kesho walipochanganya herufi. Darasa likanoga.

Alipata mume huko huko. Saadi alikuwa fundi cherehani wa Tarime, baba yake mtu wa Pangani, mama yake Mkurya. Alikuwa akizunguka minadani na cherehani yake akishona kaptula na kuziba magunia. Siku moja kwenye mnada wa Kenyamonta Mwanvua alimletea gauni lililochanika kwenye kwapa. Saadi alilishona, akalikagua, akalifumua, akalishona upya, na alipoulizwa kwa nini alisema hajaridhika. Mwanvua alipenda mtu wa kutoridhika. Wakaoana mwaka uliofuata.

Kisha dhahabu ikaja.

Habari ilivuka Mto Mara mapema mwaka 1990: huko Nyamesocho, upande wa Tarime, watu walikuwa wamegonga mwamba wenye mshipa. Katika muda wa wiki mbili darasa la wanafunzi thelathini na wanne likabaki na watano, na kati ya hao watano mmoja alikuwa na mguu uliovunjika. Mwanvua alikwenda Mugumu kumwona mratibu wake, Bwana Modestus, mtu mpole aliyetumwa kutoka Ukerewe na ambaye meza yake haikuwahi kuwa na karatasi iliyopinda.

"Mwalimu," alisema Modestus, "wanafunzi wako wamehamia wilaya ya watu."

"Basi nitawafuata."

"Kwa barua gani?"

"Hiyo utakayoiandika, Bwana Modestus."

Modestus akachukua kalamu, akaandika.

Mwanvua na Saadi walivuka mto kwa mtumbwi, na ubao mweusi ukiwa umelazwa juu ya cherehani. Walikuta mlima uliotobolewa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kila upande, vibanda vya nyasi na maturubai, vumbi la mawe kwenye kope za watu, na sauti ya vyuma vikiponda mwamba kuanzia alfajiri. Wanaume walishuka kwenye maduara kwa kamba. Wanawake walikaa kwenye safu ndefu, wakiponda mawe mpaka yawe unga, na wengine wakiosha unga huo kwenye makarai. Saadi alipata kazi siku ile ile, maana hakuna mahali suruali huchanika kama machimboni. Mwanvua alitundika ubao kwenye mti, akangoja. Jua lilipoanza kupoa, wanafunzi wake wa Kenyamonta walimwona, wakaja mmoja mmoja, wametota jasho, wakicheka kwa haya kama watoto waliotoroka shule. Wageni nao wakaja kutazama, wakakaa.

Tatizo likawa vitabu. Alikuwa na vitabu vile vya kisomo vilivyofundisha kupanda pamba kwa mistari na kuchimba choo. Siku ya nne mzee Werema, mchimbaji aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake na aliyekuwa akiheshimiwa na maduara yote, alifunga kitabu chake.

"Mwalimu, usikasirike," alisema. "Huyu bwana wa kitabuni kila siku analima pamba. Sisi tumekuja huku kwa kuikimbia pamba."

Watu wakacheka. Mwanvua akauliza, "Sasa mnataka kusoma nini, mzee?"

"Watu. Wale wenye majina. Watu tunaowajua sisi."

Wakaanza kumtajia, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Mkunga wa Robanda aliyezalisha mapacha ndani ya mtumbwi mto ulipofurika. Mhunzi aliyetengeneza kengele za ng'ombe, kila zizi na sauti yake, hata mwizi akiwaswaga ng'ombe gizani mwenyewe hujua ni wake. Mpiga zeze aliyealikwa harusi mbili siku moja akapiga zote mbili, akikimbia katikati. Dereva wa basi la Musoma ambaye katika miaka kumi na tisa hakuwahi kukwama kwenye tope. Na wote kwa pamoja, kama waliokubaliana, wakataja golikipa: Nikodemo Kisiri wa Tarime, aliyeitwa Kufuli.

Mwanvua akaanza kuandika maisha yao. Alitembea vibandani akiuliza, akanakili kwenye daftari, akirudi kwa mtu huyo huyo mara tatu kuhakikisha jina la kijiji. Kila mtu mashuhuri alipata ukurasa mmoja, maneno mafupi, herufi kubwa. Modestus alichapa stensili kwa mkono wake na kuzirudufu kwenye mashine ya ofisi, na Saadi akashona nakala arobaini kwa uzi wa magunia. Kijitabu kikaitwa *Watu Wetu*.

Hakuna kitu Mwanvua alichowahi kufanya kilichopendwa kama hicho. Watu walikisoma wakiponda mawe, mmoja akisoma na wengine wakimsahihisha kwa kichwa. Waliokuwa hawajui herufi walikuja darasani ili wamkute Kufuli wenyewe bila kusomewa.

Miongoni mwao alikuwa mama mmoja aliyeitwa Agustina. Machimboni alijulikana kama Mama Mogesi, kwa jina la binti yake aliyeolewa Sirari. Alikuwa mjane, hivyo ndivyo walivyosema. Mumewe alifia vitani Uganda. Hakupenda kulizungumza, na watu walimheshimu kwa hilo. Alikuwa mponda mawe hodari, mikono yake migumu kama chuma chake, lakini alishika penseli kwa woga, kana kwamba ingevunjika. Kwa miezi sita alisoma silabi kwa silabi. Mwanvua alimpenda kuliko wanafunzi wote, na alijitahidi sana lisijulikane.

Alasiri moja zamu ya kusoma kwa sauti ilimfikia Agustina, na ukurasa ulikuwa ule wa golikipa. Alisoma vizuri, bila kukwama, kidole kikitembea chini ya maneno. *Nikodemo aliruka kama fisi maji. Timu za Musoma zilimwogopa. Mwaka 1978 alikwenda vitani.* Darasa zima lilikuwa linamsukuma kwa macho. Kisha akafika mstari wa mwisho, na kidole kikasimama.

"A-li..." Mwanvua alimsaidia.

"Alikufa," alinong'ona jirani yake. "Alikufa akiwa shujaa. Sema tu, Mama Mogesi."

Agustina alifunga kijitabu, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka. Darasa lilidhani maneno yamemshinda. Mwanvua alikuwa amemtazama usoni, akajua kwamba alikuwa ameyasoma yote.

Kesho yake asubuhi alimfuata kwenye safu ya waponda mawe, akachuchumaa karibu naye. Agustina aliendelea kuponda kwa muda, kisha akaweka chuma chini.

"Mwalimu, nani alikwambia Kufuli amekufa?"

"Watu wote. Mzee Werema alisema askari mmoja aliyerudi kutoka Uganda alitangaza sokoni Tarime: Kufuli amekwisha."

"Ni kweli alisema hivyo. Alimaanisha mkono. Bomu lilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Golikipa bila vidole amekwisha, si ndiyo?" Alijifuta vumbi usoni kwa kitenge. "Ni mume wangu. Alirudi kwangu kijijini. Akakaa miezi minne, hakutia mguu mjini hata siku moja. Halafu asubuhi moja nikakuta hayupo. Watu walikuwa wameshamlilia, mwalimu. Wakaanza kunipa pole. Nikaona kuitwa mjane ni afadhali kuliko kuitwa mke aliyekimbiwa. Nikazipokea."

Mwanvua alisogea karibu zaidi. Akamshika mkono.

"Yuko hai?"

"Dereva mmoja wa lori aliniambia yuko Robanda, anapika kwenye kambi ya watalii. Mwaka wa tano sasa. Sijawahi kwenda. Jana nilipoona yale maneno kwenye karatasi, kwa macho yangu mwenyewe... Kusikia watu wakisema nilishazoea. Kuyasoma ndiyo yameniumiza. Ni kama mimi ndiye niliyeandika."

Siku mbili Mwanvua alikosa raha. Alimweleza Saadi, naye akaacha kukanyaga cherehani ili amsikilize.

"Siwezi kumwacha mtu mzima amekufa kwenye kitabu changu," alisema Mwanvua. "Lakini nikisahihisha, nitakuwa nimemvua Agustina nguo mbele ya machimbo yote."

"Muulize mwenyewe anataka nini," alisema Saadi.

Agustina alipoulizwa alijibu haraka, kama mtu aliyekwisha kulifikiri jambo hilo kwa muda mrefu. "Nenda ukamwone. Mwambie unatafuta habari zake za mpira. Halafu uangalie kama ana mke mwingine. Usimwulize. Angalia tu."

Safari ya Robanda ilichukua siku mbili, mtumbwi, kisha lori mpaka Mugumu, kisha lori jingine lililobeba saruji. Mwanvua aliulizia mpishi aliyekatika vidole viwili, akaonyeshwa nyumba ya udongo yenye kiwanja kilichofagiliwa na shamba la mahindi lililolazwa chini kana kwamba limepigwa pasi. Mtu mrefu alikuwa akiokota mahindi machache yaliyosalia.

"Shikamoo," alisema Mwanvua.

"Marahaba. Karibu. Umetoka wapi, binti yangu?"

"Kwenye dhahabu, ng'ambo ya Mara."

"Huku hatuna dhahabu. Tuna tembo tu, na hao ndio wamevuna mahindi yangu."

Alimwekea kigoda, akamletea chai na mkate alioupika mwenyewe, mkate mlaini ambao Mwanvua hajasahau ladha yake. Nyumba ilikuwa na kitanda kimoja chembamba, sahani moja, kikombe kimoja. Chai yake Nikodemo aliinywea kwenye bakuli. Mwanvua alitazama kila kitu, akaridhika. Kisha akampa kijitabu.

Nikodemo alijifuta mkono kwenye suruali, akasoma taratibu akiwa amesimama.

"'Aliruka kama fisi maji.' Nani amesema haya?"

"Mzee Werema wa Nyamesocho."

"Werema! Alikuwa analipa kiingilio huyo?"

"Anasema alikuwa anapanda mti."

"Nilijua tu." Akacheka kicheko kikubwa cha mtu ambaye hajacheka na mtu siku nyingi. Akaendelea kusoma. Kicheko kikapungua, kikaisha. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Nilikufa vizuri," alisema hatimaye.

Alikifunga kijitabu.

"Na mke wangu anasemaje kuhusu hili?"

"Kwani una mke, mzee?"

"Ninaye. Kama hajaolewa." Alikaa chini, kwenye udongo, akageuza mkono wake mbovu juu ya goti. "Unamfahamu?"

"Alikuwa anausoma ukurasa huo mbele ya darasa. Alipofika mstari wa mwisho akashindwa."

"Agustina hajui kusoma."

"Sasa anajua."

Nikodemo alitazama lile shamba lililolala. Alizungumza bila kumwangalia mgeni wake. Alisema aliporudi kutoka vitani mkono ulikuwa bado haujapona, na kila asubuhi Agustina alikuwa akimfunga vifungo vya shati. Alivifunga kimya, kwa upole, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Mtu aliyekuwa akidaka mashuti ya timu za jeshi anafungwa vifungo kama mtoto wa shule. Asubuhi moja aliamka kabla yake, akavaa shati bila kulifunga, akaondoka. Alitaka kurudi atakapoweza kuvifunga mwenyewe. Ilimchukua mwaka mzima kuweza, na mwaka ulipokwisha akaona aibu ya kuchelewa, na aibu ile ikaongezeka kila mwaka.

"Sasa ninapika mikate sitini kwa siku," alisema. "Mkono huu huu."

Mwanvua alirudi Nyamesocho na mkate mmoja uliofungwa kwenye gazeti. Alimsimulia Agustina yote, kitanda, sahani, kikombe, na mwisho vifungo. Alidhani Agustina angelia. Badala yake Agustina alisimama wima, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye maduara.

"Vifungo? Miaka kumi na miwili kwa sababu ya *vifungo*?"

Waponda mawe wote walinyanyua vichwa. Hivyo ndivyo siri ilivyotoka, kwa kinywa cha mwenyewe, na Mwanvua hakupata nafasi ya kuilinda. Agustina aliwageukia wenzake akawaambia kwamba mumewe ni Kufuli, kwamba ni mzima, na kwamba yeye ni mwongo wa miaka kumi na miwili na anayetaka kumcheka acheke sasa hivi, kwa sababu kesho hatakuwa na nafasi. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekaa upande wa pili alimsogezea maji ya kunywa.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Agustina aliandika barua ya kwanza maishani mwake. Alimkataza mwalimu asimsaidie hata herufi moja. Mwanvua alipoombwa kuipeleka kwa dereva aliona maneno, maana karatasi haikuwa na bahasha:

*Nikodemo. Ninajua kusoma. Ninajua na kuandika. Njoo. Usipokuja nitakuacha umekufa.*

Alikuja baada ya wiki tatu. Alifika alasiri, darasa likiendelea, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo vyote mpaka cha shingoni, na mfuko wa unga wa ngano begani. Watu walimtambua kwa urefu kabla hajasema neno. Mzee Werema aliinuka, akavua kofia.

"Karibu, marehemu," alisema.

Darasa lililipuka. Agustina peke yake hakucheka. Alimtazama mumewe kutoka miguuni mpaka juu, akasogea kando kwenye benchi, akasema, "Kaa. Tunasoma." Nikodemo akakaa. Mwanvua anasema hajawahi kufundisha somo gumu kama la siku ile, kwa sababu watu arobaini walijifanya wanaangalia ubao.

Hawakurudiana siku hiyo wala mwezi huo. Nikodemo alilala kibandani kwa Werema, akashuka asubuhi kuwachotea waponda mawe maji, na Agustina alimjibu salamu tu. Vijana walimwomba adake mpira Jumapili. Alikubali, akafungwa mabao matano, akadaka shuti moja kwa mkono wa kushoto, na kwa hilo moja uwanja ulipiga kelele kuliko kwa yale matano. Agustina alikuwa amesimama nyuma ya goli. Nikodemo alipotoka uwanjani, Agustina alimpa maji. Siku iliyofuata Mwanvua aliwakuta wakiponda mawe pamoja, wakigombana juu ya namna ya kushika chuma, akapita haraka asije akawaharibia.

Kuhusu kijitabu, stensili zilikuwa zimeisha, kwa hiyo Mwanvua aliamua kusahihisha kwa kalamu. Alizitafuta nakala kibanda kwa kibanda. Nyingine zilikuwa na mafuta, moja ilikuwa imechanwa nusu kwa kuwashia moto. Alipata thelathini na sita. Alikata mstari wa mwisho, na Agustina, kwa ombi lake mwenyewe, akaandika chini yake kwa herufi nene: *Hakufa. Anaishi Nyamesocho na mke wake.* Nakala zile za kwanza Agustina aliandika "mke wake" kwa wasiwasi. Kufikia ya thelathini mkono ulikuwa unateleza.

Mwaka uliofuata wawili hao waliacha mawe wakafungua mgahawa wa chai na mikate. Waliupa jina zuri la kanisani, lakini machimbo yote yaliuita Kwa Marehemu, na hata wageni waliotoka Mwanza waliulizia kwa jina hilo bila kujua kwa nini watu wanatabasamu.

Mwanvua aliendelea kuandika. Katika miaka sita iliyofuata aliandika maisha ya watu thelathini na mmoja, na alijiwekea sharti ambalo Modestus aliliona la ajabu mpaka alipoelezwa: hakuandika kwamba mtu amekufa kabla ya kumwona aliyemzika. Kwa sharti hilo alimkuta mpiga zeze akiwa hai, mzee sana, huko Ikoma, naye akamsahihisha. Harusi zilikuwa tatu.

Wachimbaji walipopungua Nyamesocho, wengine wakirudi mashambani na wengine wakifuata habari za mshipa mwingine, yeye na Saadi walihamia Tarime. Barua ya uhamisho wa kwenda Kigoma ilikuja mwaka 1997, ile aliyoiomba alipokuwa msichana mwenye hamu ya nyumbani. Aliisoma mara mbili, akaenda kumwomba afisa amruhusu kubaki. Alipoulizwa sababu alisema ana wanafunzi ambao hawajamaliza.

Sasa amestaafu. Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, anafundisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, karibu na soko. Wanaokuja ni akina mama wa mboga, dereva wa bodaboda mmoja, na mchunga ng'ombe anayetembea saa mbili kufika. Kuamkiwa shikamoo hakumtii aibu tena. Penseli kila mtu huja na yake.